Hodi ya Nne

Mimi jina la mtu silisahau. Mtoto akizaliwa Munje nikaambiwa anaitwa nani, limeshaingia; siku akija kuolewa nitamtaja yeye na babake na babu yake bila kuuliza. Wala si akili, ni kazi iliyonizoeza. Kabla watu hawajaanza kualikana kwa simu, mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kualika harusi za upande huu wa Msambweni. Mama wa bi harusi alikuwa akinikalisha jamvini, ananitajia watu wake mmoja mmoja, nami nayatia majina kichwani, maana kuandika kulikuwa kunanipa tabu. Shule yangu iliishia madarasa ya chini. Kisha najitanda kanga zangu, nashika njia.

Na kwa kuwa nayajua majina yalivyo na uzito, humu sitataja hata moja. Wasichana ninaotaka kuwaeleza wangali wadogo, wana haya zao, na mmoja keshaniambia, "Bibi, ukiniandika jina nahama."

Wako watatu. Wa kwanza ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, naishi naye mimi kwa sababu mamake anafua mashuka katika hoteli ya Diani na zamu zake hazieleweki. Huyu hesabu anazipenda kama wengine wanavyopenda nyama. Wa pili ni shoga yake wa Munje, binti wa mvuvi, mpole, mwenye adabu mpaka unamwonea huruma: ukimpa chai atakunywa hata ikiwa haina sukari. Wa tatu wazazi wake ni watu wa bara waliokaa sana Ukunda kabla hawajahamia huku. Yeye alipokuja mara ya kwanza aliniita "shosho". Nikamwambia, "Shosho ndiyo nani?" Mwenzake wa Munje akamnong'oneza, naye akainama, "Shikamoo, bibi." Marahaba. Tangu siku hiyo tumeelewana, ingawa mdomo wake hauna breki.

Sasa, huyu wa Munje alikuwa na azma moja, kuwa muuguzi. Mamake aliwahi kulazwa muda mrefu, na yeye ndiye aliyekuwa akikaa kando ya kitanda, akaona wale wauguzi wanavyotembea usiku bila kupiga kelele na viatu. Akatamani. Lakini chuo cha wauguzi hakimtaki mtu aliyeanguka hesabu, na hesabu ilikuwa inamwangusha kila muhula. Shangazi yake ana mkahawa huko Mackinnon Road, anawapikia chai na mahamri madereva wa malori, na alikuwa amemwita aje amsaidie. Babake hakumlazimisha. Alimwambia, "Mwanangu, amua mwenyewe." Naye akaamua. Akamwambia mjukuu wangu, "Hesabu ikinishinda na muhula huu, nakwenda kwa shangazi na sirudi tena shule."

Mjukuu wangu alirudi na habari hiyo uso umemvimba. Hakula. Kesho yake akaniuliza kama wanaweza kusomea uani kwetu kila Jumamosi, wao watatu. Nikamwambia uani ni kwenu, mimi nimepanga tu.

Uani kwangu kuna mlango wa kale. Ulikuwa wa mbele ya nyumba enzi za marehemu mume wangu, mchwa wakaula miguu, tukatia wa chuma, na huu wa mbao tukauegemeza ukuta wa jiko. Moshi umeupaka weusi kwa miaka, na kumbe mlango wa namna hiyo chaki inaandika vizuri kuliko ubao wa shule. Ndio ulikuwa ubao wao. Na mambo yote yaliyofuata yalitokana na kuwa ubao wao ni mlango.

Jumamosi ya kwanza nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi. Nikauliza, "Leo mnasoma nini?"

"Polinomia, bibi," mjukuu akasema.

"Polio? Si walikuja juzi wakachanja watoto?"

Wakacheka mpaka chaki ikavunjika. Basi mjukuu wangu akanieleza, na alinieleza kwa Kiswahili safi kwa sababu Kiingereza mimi sina. Baadaye nilitambua kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa njia yake: jambo akiweza kunieleza mimi, wenzake wawili nao wanalipata humo humo, bila kuulizwa kama wamelielewa. Akasema polinomia ni hesabu ndefu yenye eksi, na eksi ni namba iliyojificha. Kazi yao ni kuivunja hesabu hiyo ndefu iwe vipande vinavyozidishana.

"Kama mkungu wa ndizi na vichana vyake?"

"Hivyo hivyo, bibi. Tunatafuta kichana cha kwanza. Tukishakipata kimoja, vilivyosalia ni rahisi kung'oa."

"Na mnakipataje?"

"Mwalimu ametupa kanuni. Unachukua namba, unaiweka mahali pa eksi, unapiga hesabu yote. Ukipata sufuri, namba hiyo imekupa kichana."

Yule wa Ukunda akaguna. "Lakini namba ni nyingi, aki. Nitajaribu zote mpaka lini? Mpaka nizeeke kama bibi?"

"Bibi hajazeeka," mjukuu akasema, akanitazama kwa jicho la kuomba radhi. "Hujaribu zote. Tazama namba ya mwisho, hii iliyosimama peke yake bila eksi. Hapa ni sita. Unakwenda kwa jamaa zake tu, wale wanaoigawa sita sawasawa. Moja, mbili, tatu, sita. Na hasi zao. Unapiga hodi." Akaugonga mlango kwa kidole, ko ko. "Hodi! Moja, upo?"

Mimi nikaitika kwa sauti, "Karibu!"

Nilikuwa nimeshaingia jikoni kuchuja tui, sikuona aliyebisha. Nikatoka na kifumbu mkononi kinachuruzika, nikakuta watoto watatu wameshika mbavu. Nikarudi. Mara ko ko tena, "Hodi!" Nami, "Karibu!" Mazoea hayo, ulimi hausubiri akili. Ikawa ndiyo desturi yetu ya Jumamosi. Wao wakibisha mlango usiokwenda popote, mimi naitika jikoni.

Hesabu yenyewe ilikuwa eksi kwa kipeo cha tatu, toa eksi saba, ongeza sita. Wakaweka moja: moja, toa saba, ongeza sita. "Sufuri!" Wakapiga makofi. Hapo nikashindwa kunyamaza.

"Hebu nielezeni. Sufuri si ndiyo hakuna kitu? Mtu apige hodi akute hakuna mtu, kisha afurahi?"

Mjukuu wangu akaitazama ile sufuri mlangoni. Akawa anazungusha chaki vidoleni. Wa Ukunda akasema, "Umeona? Hata bibi ameona haileti maana."

Wakati huo huo mjeuri huyo akaamua kujaribu namba yake mwenyewe. Akabisha, "Hodi, tano!" Akaandika, akajumlisha, akapata tisini na sita.

Mjukuu wangu akaruka. "Hiyo! Bibi, umeona hiyo tisini na sita? Ile namba unayoipata ndiyo baki. Ukiigawa hesabu hii kwa kichana cha tano, kunabaki tisini na sita nje, hazina pa kukaa. Kwa moja hakubaki kitu. Sufuri siyo nyumba tupu. Ni kwamba wote wameingia, hakuna aliyebaki nje."

"Ala," nikasema. "Kwa hiyo tano ni mtu baki."

Sikuwa natafuta mzaha. Kwetu asiye jamaa huitwa mtu baki, ndivyo tulivyokuta. Lakini yule wa Munje, ambaye alikuwa hajasema neno tangu aje, akainua uso. "Mtu baki," akarudia taratibu. "Ukimwendea, anakuachia baki." Akaandika tano pembeni mwa mlango, akaipiga mstari. Nilimwona ametabasamu, na mjukuu wangu naye alimwona, maana alianza kuimba huku anafuta.

Palikuwa na jambo la ishara pia, lililowasumbua. Namba ni mbili, lakini kichana chake kinaandikwa eksi toa mbili. Namba ni hasi tatu, kichana ni eksi ongeza tatu. "Sasa mbona sign inageuka? Si udanganyifu huo?" wa Ukunda akateta.

"Eksi ikiwa mbili, utatoa ngapi upate sufuri?" mjukuu akamuuliza.

"Mbili... Sawa. Nimeshika." Halafu, kwa kuwa hawezi kukaa bila kuongeza lake, "Ni kama shikamoo. Husemi shikamoo, ukajibiwa shikamoo."

"Wewe ulijibu shikamoo kwa shikamoo wiki ya kwanza," wa Munje akamwambia, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza la utani katika nyumba yangu. Nikawaongezea mbaazi.

Zikapita Jumamosi kadhaa. Siku moja nilikuwa ndani naswali alasiri, na yule wa Ukunda amekuja mapema, yuko mlango wa mbele. Akabisha. Akabisha tena. Akabisha mfululizo kama askari wa kodi, "Hodi hodi hodi! Bibi! Hodi!" Mtu katika swala hawezi kujibu. Nikasikia sauti ya pili, ya yule wa Munje, aliyekuwa ndio anafika. "Mwenzangu, hodi ni tatu. Ukibisha tatu usijibiwe, unarudi. Hukufunzwa chuoni?"

"Mimi chuo gani? Mimi nilienda Sunday school."

"Basi jua leo. Tatu, kisha rudi. Pengine mwenyewe ana udhuru."

Nilipotoa salamu nilikuwa nacheka, nikamwombea dua aliyemlea mtoto yule. Ni kweli, ndivyo tulivyofunzwa sote, na ni adabu nzuri. Sikujua kuwa adabu hiyo hiyo ilikuwa inakaribia kumpeleka Mackinnon Road.

Mwalimu wao akawapa jaribio la darasani kabla ya mtihani wa kufunga. Jumamosi iliyofuata mjukuu wangu na wa Ukunda walikuja wakizungumza. Wa Munje alikuja nyuma yao, akakaa kizingitini badala ya mkekani. Shikamoo yake niliisikia kwa shida.

"Amekosa," mjukuu wangu akaniambia. "Hesabu ya polinomia, ile tuliyoifanya wiki zote. Ameandika haina fakta, yaani kichana, hata kimoja."

"Nilipiga hodi," wa Munje akasema.

"Kwa nani?"

"Moja. Ikabaki kumi na nane. Hasi moja, ikabaki ishirini. Mbili, ikabaki nane."

"Halafu?"

"Halafu nikarudi."

"Ulirudi wapi?" mjukuu akamuuliza, hajaelewa. Mimi nilianza kuelewa.

"Nilirudi. Hodi si tatu?"

Yule wa Ukunda midomo ilimcheza, kicheko kimefika menoni; nikamtazama mtazamo mmoja tu, akakimeza. Akasema chini kwa chini, "Mimi ningebisha mpaka mlango uanguke."

"Tunajua," mjukuu akasema.

Wa Munje hakucheka wala hakulia. Akawa anakunja pindo la buibui lake, analikunjua. "Shangazi amepiga simu jana. Nimemwambia Jumatatu nitapanda basi. Mtihani wa kufunga sioni faida ya kuungojea. Nimejitahidi, kila mtu ameona nimejitahidi. Kichwa changu ndivyo kilivyo."

Mjukuu wangu alinitazama, na macho yake yalikuwa yananiomba kitu ambacho sinacho. Mimi polinomia siijui, naisikia tu. Lakini hodi naijua.

"Hebu njoo ukae mkekani," nikamwambia. "Kizingitini hapakaliwi na mtu wa nyumba." Akaja. "Adabu yako ni sawa, mwanangu, na aliyekufunza asante yake kwa Mungu. Lakini umeishika nusu. Hodi tatu ni za mlango mmoja. Usipojibiwa, unaondoka mlango ule. Huondoki mji mzima."

Akanitazama.

"Mimi nimealika harusi ngapi hapa? Kwenu Munje nimealika, harusi ya mamako mwenyewe nilialika mimi. Lau ningelibisha nyumba tatu zikanyamaza, nikarudi nikamwambia mama wa bi harusi, 'Bibiye, huna jamaa,' ningelifukuzwa kwa kata ya maji! Ukinyamaziwa hapa, unakwenda kwa wa pili. Wa pili hayupo, unakwenda kwa wa tatu, wa nne, mpaka jamaa wote uliotajiwa umewamaliza. Asiyeitika ni shauri lake; lakini ukimruka mtu usimbishie hodi, hilo ni kosa lako wewe, na watu hawaongei miaka. Wala huendi mbele tu. Mlango wa mbele ukifungwa unafanya nini?"

"Nazunguka uani," akasema.

"Unazunguka uani. Wanawake wetu wako uani saa zote. Mbele ni pa wageni."

"Hasi!" akapiga kelele yule wa Ukunda, mpaka kuku wakatawanyika. "Hasi ndiyo uani! Kila namba ina mlango wa mbele na wa uani! Moja alibisha mbele na uani. Mbili alibisha mbele tu, uani hakuenda!"

Mjukuu wangu alishanyanyuka, anaandika kwa haraka chaki inalia. Hesabu ya jaribio aliiandika mlangoni, na hapa nimemwomba aniandikie tena kwa mkono wake, maana mimi siwezi kuzichora hizo:

x³ − 5x² − 2x + 24

Akampa mwenzake chaki. Msichana wa Munje akasimama mbele ya mlango ule kama mtu aliyefika kwa mkwe. Akaugonga kwa kidole, polepole.

"Hodi," akasema. "Hasi mbili."

Akaandika. Hasi nane. Toa ishirini. Ongeza nne, hapo alisita, akahakikisha kwa vidole kuwa hasi mbili kwa hasi mbili ni nne ya kuongeza. Ongeza ishirini na nne. Akajumlisha mara ya kwanza, akajumlisha kutoka chini kwenda juu. Kisha akaandika sufuri, duara kubwa iliyokaa vizuri kama kisahani.

Hakuruka. Alikaa akiitazama tu. Wala wale wawili hawakupiga makofi. Nikaona basi, ni zamu yangu.

"Karibu," nikasema.

Hapo ndipo alipolia, kidogo, na akacheka humo humo, akajifuta kwa mkono wenye chaki akabaki na sharubu nyeupe. Kichana cha kwanza kikawa eksi ongeza mbili. Vilivyosalia aling'oa mwenyewe, cha tatu na cha nne, bila kuambiwa. Mjukuu wangu alikuwa amekaa chini anamenya muhogo, anajifanya hatazami.

Jumatatu basi la Mackinnon Road lilipita bila yeye. Nilijua kwa sababu jioni alikuja kuniazima mbuzi ya nazi, ya kwao imelegea meno.

Mtihani wa kufunga waliufanya nikawa siulizi, maana nimejifunza kuwa watoto wa siku hizi ukiwauliza mtihani wanakujibu "tulia". Siku ya kufunga shule nilikuwa ndani naswali adhuhuri. Nikasikia hodi mlango wa mbele. Ya upole, si ya fujo. Hodi ya pili. Ya tatu. Kimya. Nikiwa katika rakaa nikasema moyoni, Mungu anisamehe, atakuwa amerudi zake.

Kisha nikasikia viatu vinazunguka nyumba, kando ya ukuta, vinapita penye pipa la maji, vinaingia uani. Ko ko, juu ya mlango ule wa mbao usiokwenda popote.

"Hodi, bibi."

Nikatoa salamu kulia, nikatoa kushoto, nikaitika na mswala miguuni. "Karibu, mwanangu, karibu!"

Alikuwa wa Munje, na sare bado mwilini. "Alikuwa uani kwa tatu," akasema.

"Nani?"

"Yule wa mtihani. Nilikwenda kwa moja mbele na uani, kwa mbili mbele na uani, kwa tatu mbele. Nikataka kukata tamaa. Nikazunguka uani, nikamkuta."

"Na hesabu yote?"

"Nimepita. Si sana."

"Si sana ni kupita. Na shangazi?"

"Nitakwenda likizo nimsaidie vikombe, kisha narudi. Nimemwambia nina shule. Amesema basi nimletee samaki wakavu."

Nikamwambia hilo ni sharti jema. Nikampa kikombe, na safari hii alionja akasema, "Bibi, chai haina sukari," nikafurahi kuliko nilivyofurahia mtihani. Tulikuwa ndiyo kwanza tunakaa, mlango wa mbele ukaanza kulia kama unavunjwa. "Hodi hodi hodi hodi! Bibi! Mko? Hodi!"

Tukatazamana.

"Nenda kamfungulie," nikamwambia, "kabla hajauangusha."